Kupima apnea ya usingizi: nyumbani au maabara?

Daktari wa Marekani akishuku kwamba pumzi yako hukatika usingizini, kuna njia mbili: ukalale usiku mmoja katika maabara ya usingizi, au upewe kifaa ulale nacho kitandani kwako.

Kwa bei, nyumbani ni nafuu mno. Kipimo hicho huwa dola mia chache. Cha maabara mara nyingi huvuka dola 1,000, na asiye na bima huweza kuletewa bili ya elfu kadhaa. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hulipia cha nyumbani tangu 2008. Kwa anayeuguza mzazi na hawezi kulala nje, hiyo ndiyo njia pekee.

Lakini tazama kinachopimwa. Nyumbani kwa kawaida unavaa mkanda kifuani, mrija mdogo puani na klipu ya kidoleni inayosoma oksijeni. Maabara wanakubandika pia nyaya kichwani za kusoma mawimbi ya ubongo, na mtaalamu anakuangalia usiku kucha. Waya ukibanduka, anaurudisha. Vifaa vingi vya nyumbani havijui kama umelala au umekodoa macho tu, hivyo hugawanya idadi ya mikatiko ya pumzi kwa saa zote za kurekodi. Mikatiko 30 katika saa 4 za usingizi ni 7.5 kwa saa: ugonjwa upo. Igawe kwa saa 8 za kurekodi, inashuka chini ya 4, na kizingiti cha ugonjwa ni 5 kwa saa.

Kwa hiyo anayesinzia kwenye usukani asikubali jibu la "huna kitu" kutoka nyumbani, adai maabara. Mtoto, au mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, aanzie huko huko. Mtu mzima anayekoroma sana, mwenye presha na uchovu wa mchana, aanze nyumbani, na asingoje.