HEC-HMS kwa Mto Msimbazi: ni ya bure, ila kwenye mvua utasota

Sisi tunaosanifu makalavati na madaraja madogo hapa Dar, HEC-HMS, programu ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani ya kukokotoa jinsi mvua inavyogeuka maji ya mto, ndiyo mkate wetu. Haidai leseni, na laptopu ya kawaida inaibeba. Nimeitumia kwa Msimbazi, kuanzia vilima vya Pugu hadi Jangwani. Upande wa ardhi wamefanya kazi nzuri. Upande wa mvua, jiandae.

Zamani ilibidi uwe na ArcGIS, programu ya ramani, na nyongeza ya HEC-GeoHMS ndipo ukate bonde, yaani eneo linalomwaga maji mtoni. Siku hizi yote yamo ndani. Unapakia ramani ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ya mita 30, unaiweka kwenye UTM (mfumo wa kuratibu ramani kwa mita) kanda ya 37 Kusini, programu inajaza mashimo na kufuata maji yanakoelekea. Ukibandika nukta darajani, mabonde madogo yanajikata. Pugu inatoka safi. Jangwani sasa! Pale ni tambarare, na SRTM iliyopimwa Februari 2000 inahesabu mapaa na vichwa vya minazi kuwa ardhi, kwa hiyo mkondo unaweza kunyooka kama rula ukakatiza nyumba za watu. Dawa ni kuuchimba mto kwanza kwenye ramani kwa mistari ya OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni. Dar imechorwa vizuri tangu Ramani Huria, mradi wa wakazi kuchora mitaa yao.

Namba za CN, zinazoonyesha ni mvua kiasi gani inatiririka badala ya kuzama ardhini, hazisumbui: lami na mabati 98, kwingine tazama udongo na matumizi ya ardhi.

Mvua ndiyo kesi. CHIRPS, makadirio ya mvua kutoka setilaiti na vituo, ni ya bure na inaanzia 1981, lakini inayotumika zaidi ni jumla ya siku nzima, na mto unaofurika ndani ya saa chache hauwezi kukupa kilele cha kuaminika kwa milimita za siku nzima. Utarudi kwenye madaftari ya vituo. Kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi, hivyo milimita za tarehe 12 nyingi zilinyesha tarehe 11. Nimeshapokea faili la Excel la mvua ya saa kwa saa ambamo "saa 3 asubuhi" ya daftari imeingizwa 03:00. Programu haikulalamika; ilichora grafu safi kabisa, kilele kimeuwahi mto kwa saa sita.

Halafu visanduku vitupu. Mtunza kituo aliumwa, au hakukunyesha? Daftari zuri huandika 0.0 siku kavu na TR kwa matone yasiyopimika. Baya huacha wazi. HEC-HMS ikikuta pengo husimama, lakini kuna chaguo la kulijaza kwa thamani ya kawaida, na kwa mvua thamani hiyo ni sifuri. Wengi hubofya hapo kazi iishe. Pengo likiangukia Desemba 2011, yale mafuriko, umeyafuta kwa kubofya mara moja! Piga simu kituoni kwanza.

Kwa mvua moja na kalavati moja, naipendekeza bila kusita. Ukitaka mashapo na mizania ya maji ya miaka mingi, nenda SWAT, modeli nyingine ya mabonde. Anayeanza apakue na HEC-DSSVue, programu ya kuhifadhi na kuchora data, nayo ya bure: bandika mvua kutoka Excel, chagua PER-CUM (jumla ya mvua ya kila kipindi), kumbuka muda unaoandikwa ni wa mwisho wa kipindi, kisha chora kituo jirani juu yake. Saa sita zilizohama utaziona kwa macho kabla hazijaingia kwenye modeli.