CS50x: kozi niliyoisoma bure kabla ya kuchagua shahada

Nilipomaliza sekondari nilikuwa na miezi kadhaa ya kusubiri chuo, na nyumbani walishaniamulia: sayansi ya kompyuta, kwa kuwa najua kutengeneza simu. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Nilishawahi kulipia kozi fupi ya kompyuta mahali fulani. Mwalimu alisoma, sisi tukanakili, na nikatoka bila kuandika programu hata moja.

Ndipo nikaanza CS50x, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyopo edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, tangu 2012. Anayefundisha ni David Malan. Somo la kwanza anashika kitabu cha simu, anakichana katikati, anatupa nusu isiyo na jina analolitafuta, anachana tena iliyobaki. Kitabu cha kurasa 1,000 kinaisha kwa kugawanywa kama mara 10 tu. Kipande kile cha video nilikirudia mara tatu.

Ila utamu wote uko kwenye mazoezi. Unaanza na Scratch, lugha ya programu ambayo huandiki, unapanga vipande vya rangi tu. Wiki inayofuata umeingia kwenye lugha ya C, na ukisahau nukta-mkato moja programu inagoma. Kilichoniamulia mimi ni zoezi la wiki ya 4. Unapewa nakala ya memori kadi ambayo picha zake zimefutwa, uzirudishe. Kila picha ya JPEG inajitambulisha kwa baiti zake za mwanzo, kwa hiyo programu yako inasoma kadi kwa mafungu ya baiti 512, na kila ikikuta alama ile inafungua faili jipya. Siku mbili nilikuwa napata mafaili yasiyofunguka. Usiku wa tatu zikatoka picha 50, zote safi, nikamwamsha dada aje aone. Sikuhitaji tena mtu wa kunichagulia.

Lugha ya Python, SQL ya hifadhidata na kurasa za wavuti zinafuata, halafu mradi wako mwenyewe. Kompyuta yenye nguvu haihitajiki, kazi unaiandikia ndani ya kivinjari, na check50, programu ya kozi ya kukagua kazi, inakuonyesha hapo hapo ulipokosea. Masomo ni ya Kiingereza, lakini manukuu yapo na video unaweza kuipunguza mwendo. Ukifaulu mazoezi na mradi, cheti cha CS50 ni bure. Kile cha edX kilichothibitishwa ndicho cha kulipia. Usikitegemee mahali pa shahada.

Tenga muda wa kutosha. Mimi nilitumia karibu miezi mitano, na ningemaliza mapema zaidi kama ningekuwa na mtu wa kukaa naye kwenye mazoezi. Rafiki niliyeanza naye aliacha wiki ya 3, akaomba nafasi ya ufundi umeme. Aliniambia afadhali amejua sasa kuliko mwaka wa pili chuoni.