Vipuri vidogo kwenye bunduki yangu ya .375: nilivyobaki navyo na nilivyovitoa

Kazi yangu ni kuongoza wawindaji wenye vibali huku Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na bunduki ninayobeba ni CZ 550, ya Kicheki, inayotumia risasi za .375 H&H. Risasi hiyo ilitoka mwaka 1912, na katika nchi kadhaa za Afrika bado sheria hairuhusu ndogo zaidi kwa wanyama hatari. Nimekuwa nikibadilisha kipuri kimoja kimoja, kila kimoja kwa mkono wa fundi mwenye leseni, na maoni yangu ni haya: kipuri kinachogusa mwili wa mpigaji kina faida, kilichojificha ndani ya chuma mara nyingi hakina.

Mpira wa kitako ndio ulionifaa kuliko vyote. Ule wa kiwandani ulikuwa umekauka, mgumu kama kwato. Nilipoweka mpya, laini, bega lilipumzika, lakini faida kubwa ilikuwa machoni: niliacha kuyafumba kabla ya kufyatua, na bolti, kile chuma cha kuvuta ili kuingiza risasi nyingine, nikawa naivuta huku bunduki ingali begani. Angalia unene tu. Mpira mnene hurefusha kitako, na asubuhi ya baridi ukivaa jaketi unakwama kwapani wakati nyati ameshageuka.

Triga ya kiwandani ya CZ 550 ukiisukuma mbele inakuwa nyepesi sana. Kwenye karatasi ya shabaha, mita 100, ni raha. Kwenye migunga, kidole kina jasho na moyo unadunda, siitaki hata kidogo. Niliweka ya kawaida, isiyo na mchezo huo, inayokatika pale pale kila mara. Matundu kwenye karatasi yalikaribiana. Kwa mnyama aliye hatua 40, sikuona tofauti yoyote.

Kishikio kikubwa cha bolti na pini nyepesi ya kufyatulia? Sikuona chochote. Walter Bell, yule Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya nchi hii hii, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7x57, risasi ambayo leo wengi wanaiona ya swala. Aliujua mwili wa tembo na alijua pa kupiga. Hakuna pini itakayokupa hilo.

Darubini ni habari nyingine. Barabara zetu zinalegeza polepole skrubu za pete zinazoishikilia kwenye bunduki, na hutajua mpaka risasi ipite pembeni. Nilinunua pete imara, nikakaza kwa bisibisi yenye kipimo, kisha nikadondosha rangi ya kucha pale skrubu inapokutana na pete. Rangi ikipasuka, skrubu imesogea, na bunduki hairudi porini kabla ya kupigwa kwenye karatasi tena. Chupa moja ya dukani inatosha kwa miaka.

Kilichoniudhi kweli ni breki ya mtutu, kile kipande chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Pigo la begani linapungua sana, hilo nakiri. Lakini mlio unarushwa pembeni na nyuma, na pembeni yangu anasimama msoma nyayo, mzee aliyeanza kazi hii kabla yangu, asiye na kitu masikioni kwa sababu anahitaji kusikia kichaka. Baada ya risasi ya kwanza alishika sikio, akasema, "Kijana, toa hicho kitu." Nilikitoa jioni ile ile, na mtutu wangu una kifuniko tu, cha kulinda nyuzi za skrubu pale breki ilipokuwa imefungwa.