Kinywaji cha likizo Unguja: kipi ununue kwanza, kipi mwisho

Wageni wengi wakishuka kwenye bandari ya Malindi huwa wameshauliza bei ya chumba, bei ya boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, hata bei ya pweza Forodhani. Likija suala la kinywaji, huagiza kile kile wanachokunywa Dar, Nairobi au Mwanza. Hilo linanisikitisha, kwa sababu pesa ya kinywaji si ndogo katika matumizi ya jioni, na kisiwa kina vya kutia kwenye glasi ambavyo huko watokako havipatikani kwa urahisi.

Nimepanga mapendekezo yangu kwa kipimo kimoja zaidi ya vyote: ukishalipa, shilingi yako inaishia mkononi mwa nani? Ladha, bei na usalama nimeviangalia, lakini hilo ndilo lililoamua nani akae juu na nani akae chini.

1. Kokteli ya matunda ya hapa hapa, yenye kilevi au isiyo nacho

Anza na mabungo. Juisi yake ina rangi ya chungwa na uchachu unaoamsha ulimi, na harufu yake haifanani na tunda jingine lolote. Ikichanganywa na sukari kidogo, tangawizi na barafu, halafu ikatiwa toti moja ya kilevi kwa anayetaka, ni kokteli kamili. Msimu wa mabungo ukiwa umepita, ukwaju unashika nafasi, kisha pasheni.

Sababu ya kuiweka juu iko ndani ya glasi yenyewe. Toti ya kilevi ni kidogo tu. Kilichobaki ni tunda, ndimu na viungo. Tunda likiwa limenunuliwa asubuhi Darajani au Mwanakwerekwe, aliyelima amelipwa, aliyelibeba amelipwa, na muuzaji wa sokoni amelipwa. Yote hayo yanavunjika pale baa inapomimina juisi ya boksi. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, muulize mhudumu: "Kaka, juisi hii mmekamua leo, au ni ya boksi?" Akisita, agiza dafu.

Asiyekunywa pombe hapotezi kitu. Aseme tu "bila kilevi", na ahakikishe bei imeshuka pia. Kumlipisha mtu bei ya kokteli kwa glasi ya ukwaju ni dhuluma, na mgeni ana haki ya kuuliza kabla glasi haijaletwa.

Utaikuta pia dawa kwenye menyu nyingi za pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Ilipata jina lake Nairobi, kwenye mgahawa wa Carnivore: vodka, ndimu, sukari, asali na barafu, na kijiti cha kukorogea kilichopakwa asali. Unguja iombe kwa Konyagi badala ya vodka, na uulize asali imetoka wapi. Asali ikiwa ya Pemba, dawa hiyo naiweka sawa na mabungo. Ikiwa ni sukari ya maji tu, sioni sababu ya kuinunua.

Kuna jambo la watu pia. Vijana wengi wanaochanganya vinywaji wamesomea kazi hii, wengine pale Maruhubi kwenye chuo cha utalii cha SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Bakshishi yao wape mkononi.

2. Konyagi, chupa iliyofungwa, pamoja na pakiti ya viungo

Hii ndiyo chupa ninayoipendekeza kwa anayetaka kununua na kuondoka nayo. Inatengenezwa Dar es Salaam na Tanzania Distilleries, ina kilevi cha asilimia 35, na bei yake iko mbali sana chini ya chupa za nje. K-Vant ya Arusha inaweza kukaa nafasi hii hii kwa anayependa jini.

Ila uzuri wake mkubwa unakuja ukiiunganisha na viungo ulivyonunua kwenye mashamba ya Kizimbani au Kidichi. Kwa chupa kubwa ya mililita 750, tumbukiza karafuu nne, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, iliki tano ulizozipasua, na ganda la chungwa lililoondolewa ule weupe wa ndani, maana weupe huo ni mchungu. Karafuu zitoe baada ya siku moja. Usizionee huruma ukaziacha: kilevi hunyonya mafuta ya karafuu upesi, na mafuta hayo hutia ganzi, ndiyo maana wazee wetu huweka karafuu kwenye jino linalouma. Vingine viache siku tatu au nne, kisha chuja. Utapata kinywaji chenye rangi ya kahawia nyepesi ambacho hakuna duka la uwanja wa ndege linalokiuza.

Fanya kazi hiyo ukishafika nyumbani, si hotelini. Ukisafiri kwa ndege kwenda nje ya nchi, chupa inayozidi mililita 100 haiingii kwenye mzigo wa mkononi. Kwenye mzigo mkubwa, kilevi kinachozidi asilimia 24 hadi 70 kinaruhusiwa lita 5 kwa abiria, kikiwa kwenye chupa ambayo haijafunguliwa tangu dukani. Basi chupa ibaki na kizibo chake, viungo vikae kwenye mfuko wake.

3. Mvinyo wa Dodoma

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wengi wanaozilima ni wakulima wadogo. Mvinyo wake mwekundu unaendana vizuri na pweza wa nazi, kuliko watu wanavyodhani. Tahadhari ni moja: joto la Unguja huua mvinyo. Chupa iliyokaa wiki kadhaa kwenye rafu ya dirishani, juani, iache hata wakikupunguzia bei. Nunua pale wanapoihifadhi kwenye friji.

4. Chupa zinazoahidi wema

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wasafiri wengi wenye moyo mzuri huvutwa na chupa hizi.

Amarula, krimu ya Afrika Kusini inayotokana na matunda ya mng'ongo, imekuwa ikichangia utafiti na ulinzi wa ndovu kwa miaka mingi. Elephant Gin ya Ujerumani hutoa asilimia 15 ya faida yake kwa uhifadhi wa ndovu Afrika, na miongoni mwa waliofaidika ni Big Life Foundation, wanaofanya kazi kwenye nyika za mpaka wa Kenya na Tanzania. Ni kazi ya kweli, na naiheshimu.

Lakini soma neno "faida". Tuseme chupa unainunua shilingi 100,000, na kampuni, baada ya gharama zote, imebakiwa na faida ya shilingi 10,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 1,500. Duka, mwagizaji, kodi na meli vimechukua sehemu kubwa zaidi ya hiyo. Kama ulikuwa utainunua kwa sababu unaipenda ladha yake, nunua kwa furaha. Kama unainunua ili kusaidia tu, chukua chupa ya bei nafuu na tofauti ya bei ipeleke moja kwa moja kwenye uhifadhi. Kiingilio cha msitu wa Jozani, kwa mfano, kinakuonyesha kima punju, ambao porini hawapo kwingine kokote ila visiwa hivi.

Kwa chupa yoyote inayojitangaza kwa wema, uliza mambo mawili: ni asilimia ya nini, na anayepokea ni nani kwa jina. Lebo isiyojibu hata moja, ihesabu kama pambo.

5. Wiski na vodka za nje

Ni ghali zaidi kuliko bara, na aina unayoitaka inaweza kukosekana. Mwanzoni mwa 2024 visiwa vilipata uhaba mkubwa wa vileo kwa sababu ya vibali vya uagizaji. Nunua ukikosa vyote vya juu.

Gongo, pombe kali ya kienyeji, sijaipa nafasi. Imepigwa marufuku, na ikiingiwa na methanoli hupofusha na kuua. Vivyo hivyo chupa yenye kizibo kilicholegea au stempu ya kodi iliyochanika: irudishe kaunta bila aibu.

Chupa ikishaisha

Chupa za pombe kali hazirudi kiwandani zilikotoka, na kisiwa hakina pa kuzificha. Vigae vyake huishia ufukweni, kwenye nyayo za akina mama wanaolima mwani na watoto. Ulizia hoteli yako chupa tupu wanazipeleka wapi. Chako, karakana ya hapa Zanzibar, hugeuza chupa hizo kuwa glasi na taa, na glasi zake ni zawadi bora kuliko chupa iliyojaa.

Adabu ya mahali

Wenyeji wengi ni Waislamu. Usitembee na chupa wazi kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, usimshawishi dereva au kijana wa boti anywe nawe. Mchana wa Ramadhani kula na kunywa hadharani hakuruhusiwi, na baa nyingi hufunga. Panga safari yako ukijua hivyo.

Ukivuka kwenda Pemba

Orodha yote inageuka. Nje ya hoteli chache, Chake Chake, Wete na Mkoani si pa kutafuta pombe, na kuuliza uliza madukani kunawakera watu. Nunua madafu na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kama unapenda kuona kinereko, mtambo wa kutoa mafuta kwa mvuke, kikifanya kazi, nenda Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu: mvuke hupitishwa kwenye makonyo na majani ya mkarafuu, ukapozwa, na mafuta yakajitenga na maji. Kichupa chake kidogo ni cha kununua, ila ni cha kupaka na kunukiza tu. Usikitie kwenye glasi hata tone. Kwa kinywaji, rudi kwenye zile karafuu nne.