Karakana ya kompyuta ya Mwanjelwa: mashine mpya iliyogoma kuwaka

Karakana ninayoieleza hapa ni chumba kimoja katika safu ya maduka ya vifaa vya umeme na simu, si mbali na Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya. Haina kibao kikubwa, na nje yake makelele ya bajaji hayakatiki tangu asubuhi. Hata hivyo, kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani aliyoiunda kwa vifaa vya kununua kimoja kimoja, kisha ikakataa kuwaka, sijaona hapa mjini mahali panapostahili kutangulia, kwa sababu ndogo ambayo mafundi wengi huipuuza: hapa hawauzi spea kabla ya kujua kilichoharibika.

Mashine yetu iliundwa ofisini na kijana wetu wa usanifu wa mabango, kwa vifaa vilivyoagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi. Ilikuwa na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ya aina ya B450, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha iliyokwisha kutumika, pawasaplai (kisanduku kinacholisha vifaa umeme) ya wati 550 na kasha jipya. Ukibonyeza swichi, feni zilizunguka kidogo na kusimama. Fundi wa kwanza aliyeitazama, ambaye si wa karakana hii, alitamka palepale kwamba mazabodi imekufa, akataja na bei ya nyingine, ingawa hakuwa ameshika kipimo chochote mkononi.

Fundi wa Mwanjelwa alianza kwa kuuliza. "Shikamoo mzee. Kabla sijafungua, hebu nieleze, ukiwasha inafanyaje?" Swali hilo halikuwa la kupoteza muda. Mashine ambayo haitikisiki kabisa, mashine ambayo feni zake huanza na kukoma, na mashine ambayo feni zote huzunguka lakini kioo hubaki cheusi ni wagonjwa watatu tofauti. Ya kwanza humwelekeza fundi kwenye umeme wa ukutani, swichi ya nyuma ya pawasaplai au waya wa swichi ya kasha. Ya pili humfanya ashuku shoti au pawasaplai inayojilinda. Ya tatu humpeleka kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), prosesa, kadi ya picha na BIOS, yaani programu ndogo iliyo ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine.

Alipima kwanza pawasaplai ikiwa peke yake. Aliunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya pini 24, feni ikazunguka, kisha akapima kwa mita waya wa njano, ambao unatakiwa kutoa volti 12 na unaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6. Ilikuwa sawa. Alieleza vilevile kwamba kipimo hicho, kwa kuwa pawasaplai haijabeba mzigo, huonyesha tu kwamba haijafa, wala si uthibitisho kwamba itahimili kadi ya picha inapofanya kazi nzito. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Alihakikisha pia kwamba plagi ya pini 8 inayolisha prosesa, ile iliyo juu kabisa ya mazabodi na ambayo waundaji wengi wapya huisahau, ilikuwa imechomekwa hadi mwisho.

Baada ya hapo aliitoa mazabodi nje ya kasha, akailaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu, akabakiza prosesa na feni yake, RAM moja na kadi ya picha, kisha akagusanisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Feni ziliwaka na hazikuzima. Kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani ya kasha lenyewe. Kasha lile lilikuja na nguzo fupi za shaba za kukalia mazabodi, zikiwa zimefungwa kwa mpangilio wa mazabodi kubwa. Mazabodi yetu ni ya umbo dogo, na nguzo moja iliyobaki mahali pasipo na tundu ilikuwa ikigusa njia za umeme kwa chini. Pawasaplai ilikuwa ikihisi shoti na kujizima, jambo ambalo imeundwa kulifanya. Nguzo iling'olewa, na mazabodi ambayo tuliambiwa imekufa haikubadilishwa.

Picha, hata hivyo, haikutokea, na hapo ndipo kazi iliyo ngumu zaidi ilipoanza. Kioo kilikuwa kimechomekwa kwenye kadi ya picha, kama inavyotakiwa, kwa kuwa prosesa hii haina sehemu ya picha ndani yake na tundu la HDMI la mazabodi haliwezi kutoa chochote. Fundi aliihamisha RAM kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa, akaondoa betri ya CR2032 kwa muda ili mipangilio irudi ya kiwandani, lakini taa ndogo ya CPU kwenye mazabodi ikabaki inawaka. Alisoma kibandiko cha toleo la BIOS na kutueleza kiini cha jambo: mazabodi za B450 zilianza kuuzwa mwaka 2018, ilhali Ryzen 5 5600 ilitoka mwaka 2022. Zote hutumia soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4, hivyo prosesa hukaa vizuri bila kulazimishwa, lakini mazabodi yenye BIOS ya zamani haiitambui.

Dawa yake ni kusasisha BIOS, na mazabodi yetu haina kitufe cha kuisasisha bila prosesa inayotambulika. Karakana huweka Ryzen ya zamani kwa kazi hiyo hasa. Aliifunga, akaweka faili kutoka tovuti ya mtengenezaji kwenye fleshi, na hakuanza mpaka mashine ilipokuwa kwenye UPS (betri ya akiba), kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo mazabodi huweza kufa kwelikweli, na kipindi kile mvua za radi zilikuwa zikipiga kila alasiri. Aliporudisha prosesa yetu alifuta kwa spiriti gundi ya joto iliyokauka, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoozeo chake, na kupaka mpya. Mashine iliwaka, na tangu hapo inachapa mabango bila shida.

Ada ya uchunguzi ilikuwa shilingi 20,000, na kazi ya BIOS pamoja na gundi ya joto ililipiwa kando. Sioni kuwa ni ghali ukilinganisha na mazabodi tuliyotaka kuuziwa.

Yapo mambo yasiyoniridhisha. Risiti iliandikwa mstari mmoja tu, "matengenezo ya kompyuta", na dhamana ilikuwa ya mdomo, jambo linalotutaabisha sisi wenye hesabu za ofisi. Fundi hugusa chuma cha kasha kabla ya kushika kifaa, lakini havai mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli. Katika baridi kavu ya Mbeya ya Juni na Julai, watu wanapovaa masweta ya sufu, tahadhari hiyo isingekuwa ya anasa. Tena fundi anayeweza kazi hii ni mmoja, na asipokuwepo mteja hupokelewa na vijana ambao kazi yao ni kuweka programu.

Wanaoleta mashine kutoka Tukuyu, Chunya au Vwawa kwa Kosta waing'oe kwanza kadi ya picha na kuifunga peke yake, kwa sababu uzito wake huweza kulegeza au kuvunja tundu njiani. Waje pia na boksi la mazabodi na kifuko cha skrubu zilizobaki, kwani fundi huviulizia kabla hajafungua chochote.