Bwawa la manispaa: pazuri kweli, ila ulizeni maji kwanza

Haki yao niwape. Bwawa lenyewe linapendeza: vigae safi, kivuli cha kutosha, na waokoaji wamekaa juu ya viti vyao macho majini, si kwenye simu. Kwa mji mdogo unaokua kwa kasi, kuwa na mahali pa umma pa kujipoza msimu wa joto ni fahari ya kila mkazi. Nilikwishaamua kutoa nyota nne. Nikauliza swali moja dirishani, kwa adabu: naomba kuona vipimo vya maji vya leo. Nikajibiwa, "Wewe nani mpaka uonyeshwe? Kama unaogopa maji, kaa nyumbani."

Nyota mbili zikaanguka hapo hapo. Maji ya bwawa la umma hupimwa mara kadhaa kwa siku na kuandikwa daftarini, na mwogeleaji ana kila sababu ya kutaka kuliona daftari hilo.

Sikuuliza kwa kutafuta ugomvi. Mchana ule wavu wa tundu la kutolea maji, ule wa sakafuni kwenye kina kirefu, haukuonekana kabisa. Hilo peke yake linatosha kulifunga bwawa, maana mtu akizama mwokoaji hatamwona. Halafu ile harufu kali! Watu wanasema ni dalili kwamba dawa imewekwa ya kutosha. Si kweli. Harufu hiyo na macho mekundu huletwa na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Inayoua vijidudu ni klorini huru, nayo isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita. Kupima si kazi: kidonge cha DPD (dawa ya kupimia klorini) namba 1 kinakupa klorini huru, ongeza namba 3 kwenye maji yale yale upate jumla ya klorini yote, kisha toa ile huru kwenye jumla. Tofauti, yaani kloramini, ikizidi miligramu 0.4 kwa lita, maji yanahitaji dozi kubwa ya klorini, takriban mara 10 ya hiyo tofauti, jioni watu wakishatoka, pampu ikizunguka usiku kucha. Ukitia kidogo kidogo unaongeza harufu tu. Na wasisahau pH, kipimo cha ukali wa asidi majini. Klorini ya unga aina ya kalsiamu huipandisha, na ikifika 8 basi karibu robo tu ya klorini huru ndiyo yenye makali.

Sasa kilichonichemsha zaidi. Mlango wa chumba cha pampu ulikuwa wazi. Geji ya presha juu ya chujio la mchanga ina kioo kilichopasuka na sindano imelala kwenye sifuri, huku pampu inanguruma! Basi nani anajua chujio limeziba lini? Mchanga husafishwa kwa kurudisha maji kinyume pale presha inapopanda psi (kizio cha presha) 8 hadi 10 juu ya ile ya chujio safi. Watu wakiongezeka, na mji huu unaongezeka, siku hiyo inafika mapema kuliko ratiba yoyote ya ukutani. Chujio likiziba, mzunguko unapungua, maji yote hayamalizi kupita ndani ya saa 6, nawe unaogelea kwenye ukungu. Kubadilisha geji ni kuzima pampu, kutoa presha, spana, tepu nyeupe ya mafundi bomba, basi. Kazi ya dakika chache! Lango la mbele limepakwa rangi mpya na bendera zimepandishwa, lakini hakuna aliyekumbuka kifaa cha ukubwa wa kiganja.

Nyota moja. Sawa, asubuhi mapema pengine inastahili tatu, kwa sababu maji yamechujwa usiku kucha bila mtu ndani, na wavu wa chini unaonekana. Nendeni saa hizo, ogeni kwa sabuni kabla ya kuingia, na mwenye tumbo la kuharisha abaki nje.

Ila lile bwawa dogo la watoto, hapana, hata asubuhi. Maji yake ni machache na ya uvuguvugu, jua linakula klorini upesi, na mkojo wa watoto wachache tu unatosha kuimaliza iliyobaki. Maji yale yanatakiwa kuzunguka yote kila saa 1 hadi 2, na hapa yanategemea chujio lile lile la geji iliyokufa. Msimwingize mtoto mle mpaka geji ibadilishwe na vipimo vibandikwe dirishani, juu ya kichwa cha yule aliyenijibu.