Victron SmartSolar 75/15: kontrola inayokamua paneli kweli

Nafunga sola Pangani. Kontrola hii, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri, nimeifunga kwa dada mmoja mwenye duka la vinywaji, paneli mbili za wati 100 zilizoungwa mfululizo (volti zake hujumlishwa) na betri ya volti 12, na naisifu bila kusita.

Kontrola za bei ya chini huunganisha paneli na betri moja kwa moja. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5.5 hivi ikiwa kwenye volti 18. Ikivutwa hadi volti 13 za betri, ampea hazibadiliki, kwa hiyo unaambulia wati 71 au 72. Victron, ambayo ni ya Uholanzi, huiacha paneli kwenye volti zake, halafu hushusha volti na kuongeza ampea umeme unapoelekea kwenye betri. Shida ni kwamba volti hizo huhama kila wingu likipita. Ndiyo maana ndani yake kuna programu inayosogeza volti kidogo na kupima wati: zikipanda, inaendelea upande huohuo; zikishuka, inarudi. Kazi hiyo mchana kutwa, na ndiyo huitwa MPPT.

Kwenye kivuli ndipo iliponikonga moyo. Jioni mnazi wa jirani hufunika paneli moja, na hapo wati huwa na vilele viwili, kimoja kwenye volti za juu na kingine kwenye volti za chini; programu dhaifu hung'ang'ania kile kifupi. Hii niliitazama kwenye simu kwa Bluetooth (yenyewe haina kioo): ilishusha volti kutoka thelathini na kitu hadi kumi na saba, wati zikapanda.

Faida kubwa utaiona asubuhi, betri ikiwa chini. Jua la Februari saa nane mchana paneli huchemka, volti zake zenyewe hushuka, na faida hupungua. Kwa taa mbili na simu, usiinunue. Pesa hiyo ongeza paneli.

Pale dukani nilitoa kontrola iliyoandikwa MPPT ubavuni, na haikuwa MPPT. Ukiitilia shaka yako, subiri jua kali betri ikiwa haijajaa, pima volti kwa mita kwenye waya za paneli, kisha kwenye betri. Zikisoma karibu sawa, umeuziwa maandishi.

Paneli ukiziunga mfululizo kwenye hii 75/15, jumla ya volti zake bila mzigo isizidi 75. Walio Lushoto na Njombe waache nafasi zaidi, kwa sababu baridi huzipandisha.